Baba na mke wangu hawaruhusiwi kuongea, bluetooth ya simu ya batani ikawaokoa

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Nimeona kule juu watu wanabishana kwamba simu za zamani ni takataka, eti kazi yake ni kushikilia mlango usifungwe na upepo. Nikasema hapana, leo lazima niandike. Mimi siyo mtunzi. Haya yametokea nyumbani kwangu, Kihesa, Iringa, na wahusika wote wako hai. Mmoja ni mzazi wangu na mwingine tunalala chumba kimoja, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitasutwa kabla uzi haujafika page ya pili.

Uzi ni mrefu kidogo. Vuta kigoda.

Tuanze na simu yenyewe.

Ni simu ya batani, rangi ya fedha, kioo chake kidogo sawa na kiberiti. Niliinunua Mbeya mjini zile enzi za mwanzo za intaneti ya kwenye simu, kwenye duka la familia moja ya Kihindi. Mzee wa duka aliifuta na kitambaa, akaniwekea mkononi, akasema, "Hii iko na intaneti, kijana." Nilitoka pale natembea katikati ya barabara.

Wadogo zetu hamuwezi kuelewa. Enzi hizo intaneti haikuja yenyewe. Unatuma meseji kwa kampuni ya simu, wanakurudishia settings, unasave, unazima, unawasha, unaomba Mungu. Ukiona kaherufi G kametokea kwenye kona ya kioo, siku yako imekaa vizuri. Hiyo ndiyo GPRS.

Unafungua ukurasa wa WAP, maandishi matupu, picha umezizima mwenyewe ili salio lisikimbie. Matokeo ya mpira unayasoma mstari mmoja mmoja huku wenzako watano wamekuinamia begani.

MMS sizungumzii. Kila mtu aliniambia amenitumia picha, sikuwahi kuona hata moja.

Kuhamisha wimbo ilikuwa ni infrared. Mnaziweka simu mbili mezani zitazamane, vile vijicho vyao vyeusi vielekeane, halafu watu wote mnakaa mbali. Mtu akipitisha mkono kuchukua andazi, wimbo umekatika, mnaanza upya. Simu yangu ilikuwa na infrared na bluetooth vyote, kwa hiyo nilikuwa mtu mzito mtaani.

Basi bwana, miaka ikaenda, nikapata simu ya kupapasa, ile ya batani nikampa baba.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, Mnyakyusa wa Tukuyu, na ni mwalimu wa kwaya wa kanisani kwao tangu sijazaliwa. Ile simu aliipitia menyu moja moja kama anasahihisha madaftari. Mimi niliitumia miaka na sikujua nusu ya aliyoyagundua. Kalenda yake inamkumbusha ng'ombe atazaa lini. Kila mjomba ana mlio wake. Kwaya ikifanya mazoezi, anairekodi kwa kinasa sauti cha simu, anaipa faili jina, anaitunza.

Kurasa za WAP zimeshakufa zote, ukibofya inazunguka weee halafu inagoma. Yeye mpaka leo anasema mtandao umejaa watu. Nimemwacha hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye kiini.

Mke wangu, mama Tusekile, ni Mhehe wa hapahapa Iringa. Na sisi Wanyakyusa tuna mila moja, wanaoijua wanaijua: mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawakai chumba kimoja, hawaongei. Siku hizi wengi wameilegeza, utakuta wanapeana mpaka mikono. Baba yangu hajalegeza hata nukta.

Kwa miaka yote ya ndoa yetu tukienda Tukuyu, mke wangu akitokea mlango huu, baba anatokea ule. Wakikutana njiani kwenye migomba, mzee anaingia shambani kwa mtu na kugeuka nyuma mpaka apite. Mimi nilizaliwa kwenye hayo, naona kawaida. Namwambia mke wangu ni heshima tu, anasema sawa.

Kumbe haikuwa sawa.

Baba aliteleza kwenye matope akichuma parachichi, mguu ukavunjika. Nikamleta Iringa atibiwe karibu na mimi. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mguu, akapewa magongo, akaambiwa atulie. Mama alibaki kijijini na ng'ombe.

Fikiria sasa. Mtu ambaye kazi yake yote ni kumkwepa mkwe, hawezi kukimbia. Na wako nyumba moja.

Tukapanga hivi. Baba akakaa chumba cha mbele, kile chenye mlango wake wa barazani. Mke wangu akawa anatumia mlango wa nyuma. Kabla hajapita popote upande ule, anagonga mfuniko wa sufuria na mwiko, mzee anajua, anageukia ukutani. Mzee naye akitaka kutoka, anakohoa kikohozi fulani kifupi. Mjukuu wake, Tusekile, alikuwa wa kutambaa tu bado. Mama yake anamlaza kwenye mkeka barazani, anagonga mfuniko, anaingia ndani. Babu anatoka na magongo yake, anakaa na mtoto, anamwimbia. Mtoto akilia, babu anakohoa, anaondoka, mama anakuja kunyonyesha.

Chakula nilikuwa napeleka mimi. Mimi nisipokuwepo, anapeleka jirani yetu, mama mmoja wa Kikinga, mama Eliza, mchangamfu huyo, kicheko chake unakisikia barabarani.

Na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mama Eliza akiingia kwa mzee na sahani, wanapiga soga. Mzee anacheka. Anamuuliza habari za Makete, za viazi, za watoto. Mama muuza mboga akipita, mzee anamsalimia kutokea dirishani na kumtania. Mke wangu yuko jikoni na mwiko wake, anasikia yote.

Siku moja nimerudi kazini nikamkuta amenuna. Akaniambia, "Baba yako hanitaki. Usiniambie habari za mila. Mila gani inacheka na jirani na muuza mchicha, ikifika kwangu inageukia ukutani?"

Nikaanza kuelezea heshima, akanikata. "Mimi ndiye ninayempikia. Mguu ukipona, umrudishe kwake. Mimi Tukuyu siendi tena, na mwanangu haendi."

Wakuu, mama kule kijijini hajawahi kumuona mjukuu. Alikuwa ameshaanza kutuulizia kila siku tunampeleka lini. Na mke wangu ni mpole, ila akitamka jambo la namna hiyo huwa amelifikiria muda mrefu. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningeona hivyohivyo.

Kama vile haitoshi, nikaitwa kazini Makongolosi. Mimi ni fundi wa jenereta na pampu, kule machimboni kuna mashine ilikuwa imegoma. Ilibidi niende mjini Mbeya, nipande Chunya, halafu niingie porini kwenye machimbo ambako network ni hadithi. Nikaondoka nimeacha moto jikoni na mwingine moyoni mwa mke wangu.

Sasa sikilizeni.

Niko bado Makongolosi mjini, sijaingia porini, baba akanipigia. Alikuwa na kasimu kengine ka tochi ka kupigia, ile ya fedha siku hizi haina laini, betri imechoka, inaishi kwenye chaji tu. Akasema, "Mwambie mama Tusekile kuna nyimbo za kwaya kwenye simu yangu. Kule nyumbani wanazihitaji kwa sikukuu ya mavuno, kijana niliyemwachia kwaya amesahau sauti ya tatu. Nataka nizihamishie kwenye simu yake, yeye awatumie."

Nikampigia mke wangu. Akasema, "Mwambie sawa. Anazihamishaje?"

Nikampigia baba. Akasema, "Mwambie tutumie infrared, ni ya uhakika."

Nikacheka peke yangu pale stendi. Infrared inataka simu zitazamane, na wenye simu hawatazamani. Halafu simu za siku hizi hazina, zile chache zilizo nayo ni ya kubadilishia chaneli za TV. Nikamwambia baba watumie bluetooth, ile inapita ukutani, kila mtu akae chumbani kwake. Akakubali shingo upande.

Najua kuna mtu ataniuliza kwa nini mke wangu asiichukue tu simu afanye mwenyewe. Mkuu, ikichomolewa inazima, na kuiwasha ni bahati nasibu. Na usiniambie achukue na chaja yake. Kwa mzee, kitu anachokishika kila siku ni kama nguo yake, mkwe hashiki. Kadi ya memori haina, na waya wake ule mpana nani anauza siku hizi?

Na kwa nini wasitumiane meseji? Kwa baba, meseji ni kuongea. Hakuna hata aliyekuwa na namba ya mwenzake.

Basi nikawapa maelekezo nikiwa katikati, wao wametenganishwa na ukuta mmoja, mimi niko mkoa mwingine napokea huku natuma kule. "Mwambie awashe." "Mwambie nimewasha." "Mwambie sioni simu yake." Gari la machimboni likapiga honi, nikaingia, tukapanda kilima, network ikakata. Nikawaacha hewani.

Kinachofuata nilisimuliwa na pande zote mbili baadaye, na maelezo yao yanalingana.

Simu ya mzee iliiona simu ya mke wangu. Akaichagua, akabonyeza kutuma. Sasa bluetooth ya zamani ina sheria yake: lazima wote wawili muingize namba ileile ya siri ndipo simu zikubaliane. Baba akaweka 1234. Mke wangu upande wa pili akaweka 0000. Ikagoma. Mzee akajaribu tena na 1111. Mke wangu akaweka 1234. Ikagoma. Wamejaribu hivyo mpaka chai ikapoa.

Mimi sipatikani. Mama Eliza hayupo, ameenda Makete kwenye msiba. Na kule Tukuyu sikukuu ni Jumapili.

Mke wangu akakaa akatafakari. Mzee anapotafuta simu ya kutumia, anaona nini kwenye kioo chake? Anaona jina la simu ya mke wangu. Na jina la simu unaweza kuliandika unavyotaka.

Akaingia kwenye settings, akafuta jina la simu yake, akaandika: BABA WEKA 0000.

Akasubiri.

Baba anasema alipoliona alishtuka, akaiweka simu kitandani, akaiangalia. Alijiuliza kama ameongeleshwa au hajaongeleshwa. Mzee alikaa na hilo swali muda, kwa sababu kwake siyo mchezo.

Mwisho akatoa hukumu mwenyewe. Nanukuu alivyoniambia: "Meseji ni kumwambia mtu. Jina la simu ni kama kibao cha duka, kila anayepita anasoma. Kusoma kibao siyo kuongea na mwenye duka."

Akaweka 0000.

Nyimbo zikaanza kuingia, moja moja, taratibu, kama bluetooth ya zamani ilivyo. Mke wangu akazisikiliza. Kwenye mmoja unamsikia baba mwenyewe anasimamisha kwaya, anawafokea wa sauti ya tatu kwa Kinyakyusa, halafu anaimba yeye kuwaonyesha. Ni mara ya kwanza mke wangu kuisikia sauti ya baba kwa karibu bila mlango katikati. Akawatumia watu wa kwaya kule nyumbani, halafu akabadilisha jina la simu: ZIMEFIKA BABA.

Baada ya muda akatafuta tena bluetooth za jirani. Simu ya mzee, ambayo miaka yote ilikuwa na jina la kiwandani, ikatokea imeandikwa: NDAGA. Kwetu ndiyo asante.

Wakuu, mlango ukawa umefunguka.

Siku zilizofuata wakawa wanaishi kwa majina ya simu. CHAI IPO BARAZANI. NIMEIONA. DAWA UMEMEZA? NIMEMEZA. Kuna siku mzee aliandika CHUMVI IMEZIDI, na mke wangu akajibu KESHO UTAPIKA WEWE, halafu akaogopa, akakaa anasikiliza ukutani. Akasikia mzee anacheka peke yake.

Mpangaji wa nyumba ya pili, dereva bajaji, alikuwa anatafuta sabufa lake la bluetooth aunganishe muziki. Kwenye orodha akakuta MTOTO ANA JINO JIPYA. Niliporudi aliniuliza kama mtaa wetu una mambo.

Mke wangu akaona sasa njia ipo, na lile dukuduku bado liko moyoni. Akaniambia alikuwa amebandika ndizi motoni, akaosha mikono, akachukua simu, akaandika kabla hajabadili mawazo:

BABA HUNITAKI?

Halafu akakaa kwenye kigoda cha jikoni.

Simu ya mzee bado ilikuwa na neno la mchana, NIMESHIBA. Akatafuta tena, NIMESHIBA. Tena, NIMESHIBA. Alijuta kuandika. Alitaka kulifuta, lakini angefuta vipi wakati labda limeshasomwa.

Na kweli mzee alikuwa ameshalisoma. Anasema miaka yote alijua anamheshimu huyu binti kuliko mtu yeyote, hakuwahi kufikiri upande wa pili inasomeka vipi. Akaanza kuandika kwa zile batani, herufi moja unabonyeza mara tatu. Na jina la simu halichukui maneno mengi. Kwa hiyo akaandika vipande, anaacha kidogo kisomwe, anabadilisha.

Mke wangu akatafuta tena. Ikatokea:

WENGINE NI WAPITA NJIA

Akatafuta tena.

SIWAKWEPI

Akangoja. Akatafuta.

WEWE NAKUKWEPA

Akatafuta tena, na tena, mpaka ikabadilika.

KWA SABABU NI WANGU

Mke wangu alilia pale jikoni mpaka ndizi zikaungua. Mzee akasikia harufu, akakohoa kile kikohozi chake.

Mimi nilitoka porini baada ya kumaliza kazi, nikafika Makongolosi, network ikarudi, nikakuta meseji ya mke wangu. Nilifikiri ni yaleyale, nikaifungua kwa woga. Ameandika: "Mguu wa baba ukipona tunampeleka Tukuyu wote. Mwambie mama aandae mahali mtoto atakapolala. Baba akae siti ya mbele, mimi na Tuse tutakaa nyuma."

Nikaisoma mara mbili. Nikawapigia nijue kimetokea nini, kila mmoja akasema nitaambiwa nikifika.

Na kweli tulienda. Hogo lilipotolewa, tukapanda basi asubuhi, mzee mbele na fimbo yake, mke wangu na mtoto siti ya nyuma kabisa, mimi katikati nimekaa kama ukuta. Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka Uyole tukabadilisha gari kwenda Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake.

Mama alitupokea barabarani na kina shangazi. Akamchukua mjukuu, akambusu, akamgeuza, akambusu tena.

Mzee akawa anateremka kwenye gari polepole, anaelekea upande wetu. Na kwa miaka yote, hapo ndipo yeye hugeuka. Safari hii aliwahiwa. Mke wangu alikuwa ameshavuta kanga kichwani, ameshageukia kwenye migomba kabla yake, mgongo umetulia, anatabasamu. Baba akapita nyuma yake na fimbo, bila haraka, hakuwa na haja ya kuingia shambani kwa mtu.

Mama aliona. Alinitazama huku anafuta macho kwa upindo wa kanga.

Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu anaweza kukupenda kwa lugha ambayo hukufundishwa, na wewe ukaumia miaka kwa kukosa kuuliza. Mke wangu aliuliza. Mimi mtoto wa hiyo mila nilikuwa nasema "ni heshima tu" na kudhani nimeeleza.

La pili, msiwacheke wazee na simu zao.

Wenye wakwe wa namna hii, Wanyakyusa wenzangu na makabila mengine yenye mila za kukwepana, shusheni uzoefu wenu hapa, mnaishije nao kwenye nyumba hizi za mjini zenye mlango mmoja? Na kama kuna fundi anajua pa kupata betri ya simu za aina hiyo, aje inbox, niibebe tukienda tena Tukuyu. Mzee amenipigia leo asubuhi, anasema ana jambo la kumwambia mkwe wake, na mimi nisiulize ni jambo gani.